Moto ubaki nje, joto ndilo liingie: Namna ya kupasha nyumba msimu wa baridi bila kuhatarisha watoto

Mwaka juzi, mwezi wa saba, nilikwenda Njombe kumsalimia mama yangu mdogo. Binti yake alikuwa amejifungua, kichanga kina wiki tano. Anayeijua Njombe ya Julai hahitaji kuelezwa. Saa kumi na mbili jioni ukungu unashuka, saa mbili usiku vidole havishiki kijiko, na ukikanyaga sakafu ya saruji bila ndala unaruka kama umekanyaga barafu.

Usiku ule mama mdogo alifanya kile ambacho nyumba nyingi za kule hufanya. Aliwasha jiko la mkaa uani, akalipepea mpaka makaa yakawa mekundu na moshi ukaisha kabisa, ndipo akaliingiza chumbani alikolala mzazi. Tulikuwa watano: mzazi na kichanga chake, mtoto wake mkubwa wa miaka minne, mama mdogo na mimi. Mlango ukafungwa, upenyo wa chini ukazibwa kwa kanga kuukuu. Tukalala.

Saa tisa usiku yule wa miaka minne akaanza kutapika. Niliamka kichwa kinagonga na miguu haina nguvu, nikadhani ni uchovu wa basi. Mzazi alilalamika kizunguzungu. Ilibidi mlango ufunguliwe ili tukatafute maji na tambara la kufutia, na baridi ya nje ikaingia. Baada ya muda mfupi tukaanza kupata nafuu. Kichanga hakikuwa kimelia usiku mzima kutaka kunyonya, na sisi tulikuwa tumefurahi kwamba kimepata joto, kimelala.

Asubuhi tulikwenda zahanati. Watoto wakapimwa malaria, majibu yakasema hakuna. Tukapewa dawa ya kutuliza kutapika na ya maumivu, tukarudi nyumbani. Hakuna aliyetuuliza tulilala na nini chumbani. Na mimi, mwandishi wa habari za afya, niliyekaa chuo kikuu miaka yote ile, sikusema neno. Nilikuja kuunganisha mambo siku mbili baadaye nikiwa kwenye basi la kurudi Dar es Salaam, na pale kwenye kiti nilitetemeka. Kama yule mtoto asingetapika, tungeamka wangapi?

Leo naandika kwa ajili ya wazazi wa Njombe, Makete, Mufindi, Mbeya, Lushoto, Mbulu, na kwa majirani zetu wa Limuru na Kinangop kule Kenya. Hata wewe wa Dar es Salaam usipite haraka, maana huenda una mama, dada au mtoto wa shule huko juu. Msimu wa kipupwe ni Juni hadi Agosti, na swali la kila nyumba ni moja: tutapataje joto bila kuuana?

Sumu isiyo na moshi

Wengi wetu tumefundishwa kwamba kibaya ni moshi. Ndiyo maana jiko huwashwa nje kwanza, moshi ukiisha linaonekana salama. Hapo ndipo kosa lilipo. Mkaa ulio mwekundu, usio na moshi hata kidogo, hutoa kwa wingi gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haikohozi mtu. Usiichanganye na ile hewa ya ukaa tunayoitoa tukipumua. Hii ni nyingine, na ni sumu kali zaidi.

Inavyofanya kazi ni hivi. Damu hubeba oksijeni kwa kutumia kitu kiitwacho himoglobini. Kaboni monoksaidi hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kwa hiyo hata ikiwa kidogo chumbani, inazidi kujikusanya kwenye damu na kuiacha oksijeni bila nafasi. Unapumua kama kawaida, mapafu yanapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo vinakosa hewa. Mtu aliye macho anasikia kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuishiwa nguvu. Aliyelala hasikii kitu. Usingizi unazidi kuwa mzito, basi.

Kuna mambo matatu ambayo watu huniambia kila ninapozungumzia habari hii. Nitayajibu hapa mara moja.

La kwanza, "Sisi tunaacha dirisha wazi kidogo." Upenyo mdogo hauna uhakika. Unategemea upepo, ukubwa wa chumba na wingi wa mkaa, na kwenye baridi kali dirisha lile lile ndilo hufungwa saa saba usiku na mtu mwenye usingizi.

La pili, "Sisi tunalifunika kwa majivu." Makaa yaliyo chini ya majivu bado yanaungua, polepole, na bado yanatoa gesi.

La tatu, "Sisi tunaliweka koridoni, si chumbani." Gesi hii ina uzito unaokaribiana na wa hewa ya kawaida, hivyo husambaa kila mahali. Haijali umelala kitandani au chini, na haijali kama jiko liko hatua tano kutoka ulipo. Kama jiko liko ndani ya nyumba iliyofungwa, liko chumbani kwako.

Ni hivyo hivyo kwa jenereta iliyowekwa barazani karibu na dirisha, na kwa jiko la gesi linaloachwa likiwaka ili lipashe chumba. Jiko la kupikia ni la kupikia.

Kwa nini mtoto ndiye wa kwanza

Mtoto mdogo hupumua haraka kuliko mtu mzima, hivyo katika muda ule ule anavuta sumu nyingi zaidi kwa kulinganisha na mwili wake. Tena hawezi kusema "kichwa kinaniuma". Atalia, atatapika, atalegea, au atalala tu kupita kawaida yake, na mzazi ataona mtoto ametulia.

Mjamzito yuko kwenye hatari ya watu wawili. Gesi hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia kwenye damu ya mtoto aliye tumboni, na damu ya mtoto huyo huishika kwa nguvu zaidi kuliko ya mama. Hivyo mama anaweza kuamka asubuhi akajiona yuko sawa baada ya kunywa chai, wakati mtoto tumboni bado hajapona.

Jambo jingine ambalo ni muhimu kwetu: dalili hizi zinafanana sana na malaria, na za mafua. Kichwa, kutapika, mwili kuchoka. Dalili ya kukufumbua macho ni hii: watu wawili au zaidi wa nyumba moja wanaugua kwa pamoja, hawana homa, na wanapata nafuu wakitoka nje. Ukiona hivyo, usikimbilie kusema ni chakula cha jana. Uliza jiko lilikuwa wapi.

Nyumba imebadilika, jiko ni lile lile

Nilipompigia simu mama mdogo kumweleza, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kile ambacho wazazi wetu wengi wangesema: "Mwanangu, sisi tumelelewa na moto ndani ya nyumba. Babu yako alikota moto mpaka anakufa, na hakufa kwa moto."

Hakukosea. Lakini nyumba aliyolelewa yeye ilikuwa ya nyasi. Moto ulikuwa katikati, juu ya mafiga, na paa lilikuwa linapumua. Ukiwa mbali asubuhi ungeona moshi unatoka kwenye nyasi zote. Nyumba ile iliwaumiza macho na mapafu, na moshi wa ndani bado ni tatizo kubwa duniani. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani itokanayo na nishati za kupikia ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, zikiwemo roho zaidi ya 237,000 za watoto wa chini ya miaka mitano. Lakini gesi ilikuwa na pa kutokea.

Leo mama mdogo ana nyumba ya tofali za kuchoma, mabati, silingi bodi, na madirisha ya aluminiamu yanayofunga kabisa. Ni nyumba nzuri, watoto wake wamejitahidi. Ila wameibadilisha nyumba na kuliacha jiko lile lile liingie. Kadiri tunavyojenga vizuri ndivyo jiko la mkaa linavyozidi kuwa hatari ndani yake.

Walichojifunza Wakorea

Wakorea wana desturi ya karne nyingi ya kupasha sakafu. Wanaiita ondol. Zamani moto wa kuni uliwashwa jikoni, upande mmoja wa nyumba, na joto pamoja na moshi vilipita kwenye njia zilizojengwa chini ya sakafu ya mawe, kisha moshi ukatokea kwenye dohani upande wa pili. Watu walikaa, walikula na kulala juu ya sakafu yenye joto.

Karne iliyopita kuni zikaanza kuadimika, nao wakahamia kwenye matofali ya makaa ya mawe yenye matundu. Yalikuwa ya bei nafuu na yaliwaka usiku kucha. Lakini sakafu zilikuwa na nyufa, na kaboni monoksaidi ikapanda kupitia nyufa hizo kwa watu waliolala. Kwa miongo kadhaa, sumu hiyo iliua watu wengi sana Korea Kusini, familia nzima kwa usiku mmoja. Walichofanya baadaye hakikuwa kuacha sakafu ya joto. Walitenganisha moto na chumba: moto unachemsha maji kwenye mtambo wenye bomba la kutolea hewa nje, na maji ya moto ndiyo yanayozunguka kwenye mabomba chini ya sakafu. Ndugu zetu walioko Ulaya wanaolala kwenye nyumba zenye sakafu za namna hiyo wanatumia kanuni ile ile.

Sisi hatuna haja ya kuchimba sakafu ili tujifunze. Kanuni ni fupi na kila nyumba inaiweza: moto ubaki nje, joto ndilo liingie ndani. Na ya pili: joto likiingia, lisitoroke.

Zuia joto kwanza

Kabla hujafikiria cha kupasha, angalia joto linapotokea. Kupasha nyumba inayovuja ni sawa na kuchota maji kwa pakacha.

Sakafu. Saruji hunyonya joto la mwili haraka. Kama mtoto anacheza au kulala chini, tandika maboksi makavu yaliyokunjuliwa, juu yake mkeka, kisha zulia au blanketi zito. Hewa inayobaki ndani ya maboksi ndiyo inayozuia baridi kupanda. Kama godoro liko chini, weka turubai au nailoni kwanza, maboksi juu yake, ndipo godoro. Kila wiki siku ya jua viinue vyote ukaushe, maana unyevu huleta ukungu, na ukungu huamsha pumu. Kitanda kilichoinuka ni bora zaidi, hata kama ni cha mbao za kuunga.

Paa. Joto hupanda juu, na bati tupu hulitoa nje mara moja. Kama huna dari, anza na chumba kimoja tu, kile wanacholala watoto. Silingi bodi au jipsamu ikiwa uwezo upo. Uwezo ukiwa mdogo, viroba vya nailoni vilivyoshonwa pamoja na kubanwa vizuri chini ya kenchi vinasaidia, mradi usiwashe mshumaa wala kibatari chini yake.

Mlango na madirisha. Shona mfuko mrefu mwembamba, ujaze pumba za mpunga au mchanga, uuweke chini ya mlango. Pazia zito lifike chini ya dirisha. Matundu ya hewa ya juu usiyazibe yote. Watu wanaolala pamoja wanahitaji hewa safi, na chumba kisichopitisha hewa ni rafiki wa kifua kikuu.

Jua. Hili ni la bure na tunalisahau. Nyanda za juu jua la mchana la Julai huwa kali. Fungua mapazia na madirisha saa tano hadi saa tisa, toa magodoro na mablanketi nje, kisha ifikapo saa kumi jioni funga kila kitu kabla ukungu haujashuka. Ukisubiri hadi saa moja usiku, joto lote la mchana limekwisha kwenda.

Na kingine: laleni chumba kimoja wakati wa baridi kali. Miili minne katika chumba kidogo chenye dari na mkeka ni heri kuliko miili minne katika vyumba vitatu vya baridi.

Pasha kitanda, usipashe nyumba nzima

Usiku mtu hahitaji sebule ya joto. Anahitaji kitanda cha joto. Hapa ndipo kanuni ya Wakorea inakuja nyumbani kwetu.

Jiko liwashwe uani au jikoni penye hewa, uji wa jioni upikwe, na maji yachemshwe hapo hapo. Tia maji kwenye chupa ya mpira inayouzwa kwa kazi hiyo kwenye maduka ya dawa. Yaache yapoe kidogo kwanza, jaza theluthi mbili, kamulia hewa, funga kizibo vizuri, kisha funga chupa kwa taulo. Iweke kitandani nusu saa kabla ya kulala, sehemu ya miguu. Usitumie chupa za plastiki za soda au maji ya kunywa. Maji ya moto huzilegeza, zinavuja, na ngozi ya mtoto huungua kwa dakika.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, chupa ipashe kitanda tu, kisha itolewe kabla hajalala. Kwa kichanga ni hivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi.

Mvalishe mtoto soksi na kofia, nguo mbili tatu nyepesi badala ya moja nzito, maana hewa inayobaki katikati ya nguo ndiyo inayotunza joto. Nguo ziwe kavu. Mtoto akilala na nguo yenye unyevu wa jasho la mchezo, blanketi halimsaidii.

Kichanga: joto bora ni kifua cha mama

Najua jiko huingizwa zaidi kwa sababu ya kichanga. Mzazi ametoka hospitali, baridi inauma, bibi anasema mtoto atashikwa na kichomi. Woga huo una msingi. Mtoto mchanga hupoteza joto haraka, na joto lake la mwili linatakiwa liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. WHO katika mwongozo wake wa nyumba na afya wa mwaka 2018 inataja nyuzi 18 kuwa kiwango cha chini kilicho salama ndani ya nyumba kwa watu wengi wakati wa baridi, na watoto wachanga wanahitaji zaidi ya hapo. Nyumba nyingi za Makete hazifiki huko usiku.

Lakini dawa ipo, na haina gharama. Mlaze mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa na nepi, kofia na soksi tu, kisha mfungeni wote wawili kwa kanga au kitenge na blanketi juu. Njia hii inaitwa kangaruu. Ilianza kutumika Bogotá, Colombia, mwaka 1978, katika hospitali iliyokuwa na watoto njiti wengi na vifaa vichache. Leo hii inatumika dunia nzima, na hospitali zetu zinaifundisha. Inamfaa hata mtoto aliyezaliwa na uzito mzuri. Mama akichoka, baba naye ana kifua. Baba, hili si la aibu. Kangaruu ifanyike mkiwa macho au nusu mmekaa, uso wa mtoto uonekane, pua na mdomo viwe wazi.

Mengine ni haya. Mtoto asiogeshwe ndani ya saa 24 za kwanza baada ya kuzaliwa. Baada ya hapo, aogeshwe mchana jua likiwa limepanda, kwa haraka, akaushwe kichwa kwanza. Mvalishe nguo moja au mbili zaidi ya ulizovaa wewe. Gusa tumbo na nyayo: vyote vikiwa na joto, yuko sawa, nyayo zikiwa za baridi na tumbo lina joto, ongeza nguo au mweke kifuani, tumbo nalo likiwa la baridi, amelegea au hanyonyi, nendeni hospitali usiku huo huo mkiwa mmemweka kifuani. Na usizidishe: mtoto anayetokwa jasho shingoni amevalishwa kupita kiasi. Blanketi lisifunike uso.

Mwenye umeme apige hesabu

Hita ya umeme haitoi kaboni monoksaidi, na hilo ni jambo kubwa. Lakini inakula. Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa moja hutumia uniti 2. Ukiiacha kwa muda wa saa sita usiku, ni uniti 12. Kwa mteja anayelipa takriban shilingi 356 kwa uniti, ni kama shilingi 4,270 kwa usiku mmoja, zaidi ya shilingi 128,000 kwa mwezi. Aliye kwenye kundi la matumizi madogo, lile lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, atazimaliza ndani ya wiki moja.

Kwa hiyo itumie kwa akili. Ukishaziba sakafu, dari na mlango kama nilivyoeleza, washa hita muda wa saa mbili tu kabla ya kulala, chumba kikiwa kimefungwa, kisha izime mkiingia kitandani. Hizo ni uniti 4, kama shilingi 1,420, na chumba kilichozibwa kitashikilia joto kwa muda. Ichomeke moja kwa moja ukutani, si kwenye ekstensheni nyembamba. Iwe umbali wa mita moja kutoka kwenye pazia na kitanda. Usianike nguo juu yake, na usilale ikiwaka na watoto chumbani.

Anayejenga sasa hivi na ana uwezo, afikirie jiko la kuni lililojengwa ukutani lenye dohani inayopita juu ya paa. Hilo ndilo la kudumu kwa nchi za baridi. Masharti yake ni mawili: dohani isafishwe kila mwaka, na isiwe na nyufa.

Na kwa wakubwa wetu nina neno moja. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni lengo jema. Lakini mama wa Makete ukimpa mtungi wa gesi atapikia, na usiku bado ataingiza jiko la mkaa, kwa sababu mtungi haupashi chumba. Huku kwetu nyanda za juu moto una kazi mbili, na mpango unaoiona moja tu utaiacha nyingine iendelee kuua.

Ikitokea, fanya hivi

Ukikuta watu wamelala na jiko ndani na hawaamki, fungua mlango na madirisha yote kwanza. Usikae humo ndani. Vuta pumzi nje, ingia, mtoe mmoja, toka. Jiko litolewe nje likiwa hivyo hivyo.

Aliyezimia lakini anapumua alazwe ubavu. Asiyepumua aanze kusaidiwa kupumua na kukandamizwa kifua na yeyote anayejua, huku wengine wakitafuta usafiri. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wanapatikana kwa namba 114.

Usimnyweshe maziwa. Najua ndiyo dawa yetu ya kila sumu, lakini sumu hii iko kwenye damu, si tumboni, na aliyezimia anaweza kupaliwa.

Wote waliokuwa chumbani waende hospitali, hata anayesema amepona. Mkifika, semeni kwa sauti: "Tulilala na jiko la mkaa ndani." Sentensi hiyo ndiyo itakayobadilisha matibabu. Kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kinaweza kudanganywa na gesi hii na kuonyesha namba nzuri. Dawa yake ni oksijeni. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya sumu huchukua takriban saa nne hadi tano kutoka mwilini. Kwa oksijeni safi huchukua kama saa moja hadi moja na nusu. Mjamzito aeleze ujauzito wake, maana mtoto tumboni huchelewa zaidi kupona.

Mama mdogo sasa

Julai iliyopita nilirudi Njombe. Nilifika jioni, nikasema shikamoo, akaniitikia, kisha akanijibu kwa "kamwene" ya kwao ili anikumbushe asili. Jiko lilikuwa barazani na birika juu yake. Chini ya mlango wa chumba cha watoto kulikuwa na mfuko wa pumba alioushona kwa kitenge cha zamani. Yule aliyekuwa kichanga sasa anatembea, ana kofia ya sufu inayomfunika hadi nyusi.

Usiku baridi ilikuwa ile ile. Sitakudanganya, pua ilikuwa ya barafu. Lakini miguu yangu ilikuwa kwenye chupa ya maji ya moto, na asubuhi tuliamka sote, kichwa hakimuumi mtu.

Leo jioni, kabla hujalala, piga simu moja huko juu. Usiulize tu kama wamekula. Uliza: jiko limelala wapi?